Kutoka kodi ya nyumba hadi Katiba: Simon Nkoli na wenzake katika Afrika ya Kusini

Katika mafunzo ya komite za kambi, tunapofika kwenye somo la watu wanaotengwa, wote hutaja haraka wajane, walemavu, wazee wasio na jamaa na watoto waliotoka katika makundi yenye silaha. Kuna watu wengine ambao hutajwa kwa kicheko tu, au hawatajwi kabisa: wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake. Mtu akithubutu kuuliza, jibu huwa moja: hayo ni mambo ya Wazungu, tena ya watu wasio na shida, na hayahusu siasa wala amani.

Makala hii haimwombi mtu aache imani yake. Inaeleza jambo lililotokea katika bara letu, kati ya watu maskini waliokuwa wanapigania kodi ya nyumba. Afrika ya Kusini ndiyo nchi ya kwanza duniani iliyoandika katika Katiba yake kwamba mtu asibaguliwe kwa sababu ya kupenda watu wa jinsia yake. Si Uholanzi wala Marekani iliyotangulia. Ilikuwaje? Jibu linaanzia katika mitaa ya Weusi ya Sebokeng na Sharpeville, kusini mwa Johannesburg.

Mtoto aliyefungia wazazi wake kabatini

Simon Tseko Nkoli alizaliwa Soweto mwezi wa Novemba 1957. Wakati ule serikali ya ubaguzi wa rangi ilimlazimisha kila Mweusi mwenye umri wa mtu mzima kubeba pasi. Bila muhuri unaofaa katika pasi, hakuwa na ruhusa ya kulala mjini, hata kama ni katika nchi yake mwenyewe na karibu na kazi yake. Polisi walipita nyumba kwa nyumba usiku. Nkoli aliandika baadaye jinsi alivyowafungia wazazi wake ndani ya kabati la nguo ili polisi wasiwakute. Jamaa nyingi zinazosoma karatasi hii hazihitaji kuelezwa zaidi.

Alipokuwa kijana wa karibu miaka ishirini alimwambia mama yake kwamba anapenda wanaume. Mama alishtuka, akampeleka kwa waganga wa kienyeji, kisha kwa padri, kisha kwa daktari wa mambo ya akili. Hakuna aliyembadilisha. Mama huyo huyo ndiye aliyesimama naye baadaye katika miaka ya gereza.

Nkoli hakuingia siasa kwa ajili ya jambo hilo. Aliingia kama wanafunzi wengine wa kizazi cha 1976, kizazi kilichopigwa risasi Soweto kwa kukataa kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikaans. Katika chama cha wanafunzi COSAS, kilichoanzishwa 1979, alichaguliwa kuwa katibu wa jimbo la Transvaal. Wenzake walipojua habari zake, walikaa kikao kuamua kama katibu wa namna hiyo abaki. Walijadiliana, wakapiga kura, na walio wengi wakasema abaki, kwa kuwa kazi yake waliifahamu. Kura hiyo haisemwi sana katika vitabu, lakini kwangu mimi ni muhimu kuliko maandamano mengi yaliyofuata: ni vijana wa mtaa, si majaji wala wafadhili, walioamua kwamba kiongozi apimwe kwa kazi yake.

Septemba 1984

Tarehe 3 Septemba 1984 wakaaji wa Sebokeng, Sharpeville, Evaton, Boipatong na Bophelong walikataa kodi mpya ya nyumba. Baraza la mji la Weusi, lililowekwa chini ya serikali ya ubaguzi, lilikuwa limeipandisha wakati watu wengi hawana kazi. Siku hiyo watu hawakwenda kazini, wakaandamana, polisi wakapiga risasi, na washauri kadhaa wa baraza wakauawa na umati wenye hasira. Mtaa ukawaka moto, na moto huo ukaenea nchi nzima kwa miaka iliyofuata.

Nkoli alikuwa kati ya waliopanga upinzani wa kodi. Alikamatwa mwezi ule ule wa Septemba. Mwaka 1985 yeye na wenzake 21 walishtakiwa kosa la uhaini, ambalo adhabu yake iliweza kuwa kunyongwa. Kesi ilianza katika mji mdogo wa Delmas, na kwa hiyo inaitwa kesi ya Delmas. Kati ya washtakiwa 22 walikuwemo viongozi wakubwa wa muungano wa UDF, hasa Popo Molefe na Mosiuoa Lekota.

Watu 22 waliofungwa pamoja kwa miaka hawawezi kufichana mengi. Yalizuka maneno gerezani kuhusu mmoja wa wafungwa na uhusiano wake na mwanaume mwingine, na katika mjadala huo Nkoli akawaambia wenzake waziwazi yeye ni nani. Kulikuwa na hasira. Wengine walisema serikali itatumia jambo hilo kuwachafua wote mbele ya wananchi. Wengine walitaka kesi yake itenganishwe na ya kwao. Tunaweza kuelewa hofu yao: mtu anayengojea hukumu ya kifo hataki mzigo wa mwingine.

Walibishana kwa muda mrefu, na mwishoni wakakataa kumtenga. Walibaki washtakiwa 22 katika kesi moja. Lekota alieleza miaka kadhaa baadaye kwamba hawakuweza kumwambia mtu aliyesukuma gari pamoja nao katika matope kwamba sasa asipande. Maneno ni yangu, lakini maana ndiyo hiyo. Kila mpatanishi anajua kwamba mabadiliko ya namna hii hayaletwi na hotuba. Yaliletwa na kula pamoja na kuhukumiwa pamoja.

Nkoli aliachiliwa na mahakama mwaka 1988. Wenzake 11 walipatikana na hatia, kati yao Molefe na Lekota, lakini mahakama ya rufaa ilifuta hukumu zao Desemba 1989.

Walionyamaza na walioandika barua

Wakati Nkoli yuko gerezani, kulikuwa tayari na chama cha watu wa mapenzi ya jinsia moja nchini. Kiliitwa GASA, kilianzishwa 1982, na karibu wanachama wote walikuwa Wazungu. Nkoli alijiunga nacho 1983, akaona kwamba sehemu zao za starehe hazikumruhusu Mweusi kuingia, akaanzisha kikundi cha Weusi kilichoitwa kikundi cha Jumamosi. Alipokamatwa, GASA haikumtetea. Viongozi wake walisema chama hakijihusishi na siasa.

Neno hilo, “hatujihusishi na siasa”, tunalisikia hata hapa kwetu. Katika Johannesburg lilikuwa na maana yake. Mwaka 1987 gazeti la jumuiya hiyo hiyo liliwahimiza wasomaji wa mtaa wa Hillbrow wampigie kura mgombea wa chama cha National Party, chama kilichotunga sheria za ubaguzi, kwa kuwa alionekana anawahurumia. Ni chama hicho hicho kilichoongeza mwaka 1969 kifungu cha kuwaadhibu wanaume wakikutana kimapenzi mahali penye zaidi ya watu wawili. Waliamini kwamba rangi yao itawalinda.

Nje ya nchi mambo yalikuwa tofauti. Katika Toronto, nchini Kanada, kamati ilianzishwa kwa jina la Nkoli, na katika Uingereza na Uholanzi wanaharakati walimtumia barua na kadi kwa wingi gerezani. Watu waliokuwa wanapinga ubaguzi wa rangi na watu wa mapenzi ya jinsia moja wakaanza kufahamiana kwa sababu ya mfungwa mmoja. Mwaka 1987 muungano wa kimataifa wa vyama hivyo ukaitoa GASA kati yake.

Katika Cape Town palikuwa na mtu mwingine wa kukumbukwa na wakimbizi wa ndani. Daktari Ivan Toms, Mzungu, aliendesha dispanseri katika kambi ya Crossroads, mahali ambapo maelfu ya Weusi waliofukuzwa sehemu nyingine walijenga vibanda vya plastiki na mabati. Mwaka 1983 aliwaona polisi wakibomoa vibanda hivyo wiki baada ya wiki, na akina mama wakivijenga tena usiku. Tangu hapo alikataa kuvaa sare ya jeshi, na mwaka 1988 alifungwa kwa kukataa huko. Hakuficha kwamba ni mtu wa mapenzi ya jinsia moja, na wapinzani wake walilitumia kumtukana. Watu wa Crossroads walimfahamu kama daktari wao.

GLOW, na wanawake waliotangulia mbele

Mwaka 1988 Nkoli, pamoja na Beverley Palesa Ditsie, Linda Ngcobo na wengine, walianzisha chama cha GLOW katika eneo la Johannesburg. Tofauti na GASA, Weusi na Wazungu walikuwa pamoja, na kupinga ubaguzi wa rangi kulikuwa sehemu ya kazi yake tangu siku ya kwanza. Chama kilikuwa na matawi katika mitaa ya Weusi. Huko KwaThema, mashariki ya Johannesburg, mikutano ilifanyika nyumbani kwa mama mmoja aliyejulikana kama MaThoko, aliyeuza pombe na kuwapa malazi vijana waliofukuzwa na jamaa zao. Ndivyo chama kilivyoota mizizi: katika nyumba ya mama wa mtaa, siyo ofisini.

Tarehe 13 Oktoba 1990 GLOW iliongoza maandamano katikati ya Johannesburg, ya kwanza ya aina hiyo katika bara la Afrika. Walikuwa watu karibu 800. Baadhi walivaa mifuko ya karatasi kichwani, matundu mawili ya macho, wasitambuliwe na bosi au mchungaji wao. Nkoli alisema siku hiyo kwamba hawezi kugawanya nafsi yake, Mweusi upande huu na mpenda wanaume upande ule, wala hawezi kupigania uhuru wa nusu moja na kuacha nusu nyingine.

Kuonekana kuna bei. Ditsie alikuwa msichana wa Soweto mwenye umri wa miaka kumi na tisa hivi. Baada ya kuonekana kwenye televisheni alitishwa na wanaume wa mtaa wake mwenyewe, na jamaa yake ikalazimika kumlinda. Hakunyamaza. Septemba 1995, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake huko Beijing, alisimama mbele ya wajumbe wa serikali akasema wazi kwamba haki za wanawake wanaopenda wanawake ni haki za wanawake. Mkutano haukukubali kuyaandika katika azimio lake.

Upinzani ulikuwa mkali hata kati ya Weusi waliopigania uhuru. Mwaka 1991, nje ya mahakama ya Johannesburg wakati wa kesi ya Winnie Mandela, watu walibeba mabango yaliyosema kwamba mapenzi hayo si utamaduni wa Weusi. GLOW haikujibu kwa matusi. Iliandikia ANC barua ikikumbusha chama ahadi zake.

Maneno yaliingiaje katika Katiba?

Hapa viongozi wa kambi na wajumbe wa meza za mazungumzo wasome polepole, kwa maana ni kazi ya subira, si ya kelele.

Mwaka 1987 kiongozi mmoja wa ANC aliyekuwa London alimwambia mwandishi wa habari kwamba jambo la watu hawa si la haraka. Lilizuka lawama, kwa sababu watu wa namna hiyo katika Ulaya walikuwa wanaisaidia ANC kila siku. Mwezi wa Novemba mwaka huo Thabo Mbeki, kwa niaba ya chama, aliandika kwamba ANC ilikusudia kuondoa kila aina ya ubaguzi na ukandamizaji, na huo pia. Barua moja ikawa msingi wa kudai zaidi. Mwaka 1990 rasimu ya haki za raia iliyotolewa na ANC ilitaja jambo hilo kwa jina.

Wanasheria kama Edwin Cameron, aliyekuwa jaji baadaye, walieleza hoja kwa namna ambayo mjumbe yeyote aliweza kuielewa: nchi hii imeteseka kwa sheria zinazomhukumu mtu kwa jinsi alivyozaliwa, hatuwezi kufungua mlango na kumwacha mmoja nje. Katiba ya muda, iliyokubaliwa 1993 na kuanza kazi tarehe 27 Aprili 1994, ikaandika hivyo.

Lakini ilikuwa ya muda. Desemba 1994 vyama vingi vidogo viliungana katika muungano mmoja wa kitaifa ili neno lisitolewe katika Katiba ya kudumu. Walikubaliana kwanza kudai usawa tu, wasianze na ndoa, wakijua kwamba ndoa ingewaogopesha wajumbe. Mwaka 1995 Nkoli na mwanaharakati Phumzile Mtetwa walikwenda kumwona Rais Mandela. Mwaka huo huo Askofu Mkuu Desmond Tutu aliandikia bunge la Katiba akiomba neno libaki. Chama kidogo cha Kikristo, ACDP, kilichokuwa na viti viwili bungeni, kilipinga mpaka mwisho, na kilikuwa na haki ya kusema. Kilishindwa kwa kura.

Tarehe 10 Desemba 1996 Mandela alitia sahihi Katiba hiyo. Mahali palichaguliwa kwa makusudi: Sharpeville, ambako polisi waliua watu 69 mwaka 1960 katika maandamano ya kupinga pasi. Ni mtaa mmoja wa mitaa ile iliyokataa kodi Septemba 1984.

Sisi Wakongomani tumekutana na watu hao bila kujua. Wajumbe wetu walipokaa Sun City mwaka 2002 katika Mazungumzo kati ya Wakongomani, gavana wa jimbo lile la North West alikuwa Popo Molefe. Na askari wa Afrika ya Kusini walipokuja Kivu na Ituri katika kikosi cha MONUC, waziri wao wa ulinzi alikuwa Mosiuoa Lekota. Wote wawili walikaa miaka katika kizimba kimoja na Nkoli.

Sheria ilifika, mtaa haukufika

Tarehe 9 Oktoba 1998 Mahakama ya Katiba ilifuta sheria za zamani zilizowafunga wanaume kwa mapenzi yao. Wiki saba baadaye, tarehe 30 Novemba, Nkoli alifariki kwa ukimwi, akiwa na umri wa miaka 41. Alikuwa kati ya Waafrika wa kwanza waliosema hadharani kwamba wanaishi na virusi, na alisaidia kuanzisha mradi wa kufundisha juu ya ukimwi katika mitaa ya Weusi. Dawa zilikuwepo duniani lakini bei yake ilikuwa mbali na maskini. Tarehe 10 Desemba, siku chache baada ya kifo hicho, Zackie Achmat na wenzake walianzisha TAC, chama ambacho kesi na maandamano yake yaliilazimisha serikali kutoa dawa hizo. Wanaonufaika leo ni mamilioni, na wengi wao ni wake na waume wa kawaida.

Ndoa ilikuja mwisho, kwa sheria ya tarehe 30 Novemba 2006, baada ya mahakama kuamuru. Lakini karatasi haizuii kisu. Aprili 2008 Eudy Simelane, aliyewahi kuchezea timu ya taifa ya mpira ya wanawake, alibakwa na kuuawa KwaThema, mtaa ule ule wa MaThoko. Februari 2025 imamu Muhsin Hendricks, aliyejulikana kwa kuwapokea Waislamu wa mapenzi ya jinsia moja, alipigwa risasi akafa karibu na Gqeberha. Wanaosema kwamba Katiba ilimaliza kazi waangalie makaburi hayo.

Na hapa kwetu?

Katiba yetu ya 2006 haina neno hilo. Kifungu cha 40 kinataja ndoa na mtu wa jinsia tofauti. Kifungu cha 13 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya dini, asili ya jamaa, hali ya maisha, makao, maoni, kabila na mengine. Neno “makao” linawahusu moja kwa moja wakimbizi wa ndani. Mapendekezo ya sheria ya kuadhibu mapenzi ya jinsia moja yaliletwa bungeni 2010 na 2013, lakini hayakupitishwa.

Kwa rais wa kambi au mkuu wa bloki, jambo huanza kwa namna ndogo. Kijana anafukuzwa katika hema la jamaa yake. Jina lake linabaki kwenye jetoni ya baba, kwa hiyo siku ya kugawa chakula anarudi mikono mitupu. Analala nje, na anayelala nje kambini hubakwa au huchukuliwa na wenye silaha. Kazi ya kiongozi si kuchunguza usiku wa mtu. Ni kumwombea kijana huyo jetoni yake na mahali pa kulala, na kupeleka habari kwa afisa wa ulinzi peke yake, bila kuitangaza kwenye mkutano wa bloki. Kwa wanaovuka mipaka, sheria ya wakimbizi ya Afrika ya Kusini ya 1998 inataja wazi anayeteswa kwa sababu hii kuwa anaweza kuomba hifadhi, na HCR ilitoa mwongozo wake kuhusu maombi ya namna hiyo mwaka 2012. Anayeomba huulizwa hatari iliyompata au inayomngoja, mahali na wakati. Barua ya mkuu wa kambi iliyoandikwa kwa ukweli, ikasema alifukuzwa lini na alipigwa wapi, inaweza kumsaidia katika maombi hayo.